Simu inavyodunda na mziki: nani anaipiga hiyo mota, na kwa nini apu inaomba maiki

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaani dada mmoja kauliza swali likazua mjadala mpaka usiku. Kapakua apu inayofanya simu itetemeke kufuata mziki, yaani ngoma ikidunda na simu inadunda mkononi, sasa kabla haijaanza kazi ikamuomba ruhusa ya kurekodi sauti. Akauliza tu, jamani nikubali au nikatae? Mmoja akamjibu futa hiyo kitu haraka wanakusikiliza mpaka chumbani. Mwingine akasema hakuna cha apu hapo, hiyo ni besi ya spika inatikisa kava. Wa tatu akaja na lake kwamba mota ya simu imewekwa kwa ajili ya kuita tu, ukiidundisha saa nzima inaungua na chaji inaisha. Na kaka mmoja akasema yake inatetemeka hovyo hovyo haifuati mziki, ila anasubiri apdeti itoke itakaa sawa.

Mimi natengeneza apu ndogondogo, na kabla ya hapo nilikaa miaka kadhaa kwenye meza ya fundi simu, kwa hiyo hii habari naijua upande wa bisibisi na upande wa programu. Majibu yale manne kila moja lina kaukweli ndani yake ila limechanganywa na mambo mengine, na ukiliacha hivo mtu anafuta apu nzuri au anaipa ruhusa apu mbaya. Ngoja nifumue taratibu.

Tuanze na neno lenyewe. Mtetemo, au vaibresheni kama tunavyosema, ni kitu kwenda na kurudi haraka haraka. Sauti nayo ni mtetemo, ila wa hewa. Ukipiga ngoma ile ngozi inakwenda na kurudi, inasukuma hewa, hewa inakuja kugonga kiwambo cha sikio. Idadi ya kwenda na kurudi ndani ya sekunde moja ndo inaitwa masafa, na kipimo chake ni hezi. Sikio zima la kijana linasikia kuanzia kama hezi 20 hadi hezi 20,000. Ngozi yetu haifiki huko hata kidogo. Ngozi inahisi mitetemo ya chini, makali yake yapo kwenye hezi 200 mpaka 300 hivi, na ukishafika hezi 1,000 inakuwa kama imelala. Maana yake sauti ya mwimbaji, fidla, vigelegele, upatu, vitu vingi vinavyofanya wimbo uwe wimbo, vikifika kwenye kiganja vinakuta mlango umefungwa. Kinachobaki kupita ni kidogo sana, ndo maana kazi yote ya hizi apu ni kuchagua. Hilo neno kuchagua lishike, nitalirudia.

Sasa mota yenyewe. Ukifungua simu nyingi za bei ya kawaida, ukatoa kava la nyuma na zile skrubu, pembeni kwa chini utakuta kidude cha duara kama kifungo cha shati, kimegandishwa kwa gundi, kina nyaya mbili nyembamba kama uzi. Zile nyaya ukizigusisha kwenye umeme mdogo kidude kinaruka ruka mezani kama panzi. Ndani yake kuna kipande cha chuma kizito chenye umbo la nusu mwezi, kimefungwa kwenye mhimili ila uzito wote uko upande mmoja. Kikizunguka kinavuta huku na huku kwa sababu hakijabalansi. Kama umewahi kulala chini ya feni ambayo panga lake moja limepinda au limebeba uzito kuliko mengine, unaijua hiyo tabia, feni inayumba mpaka unaogopa itadondoka. Mota ya simu ni hiyo feni mbovu iliyotengenezwa mbovu makusudi, inazunguka kama mara 10,000 kwa dakika na yale mayumbo ndo unayoyahisi mkononi.

Feni ina tabia mbili ambazo zinatuletea shida kwenye mziki. Ya kwanza, ukiiwasha haifiki spidi yake hapohapo, na ukiizima inaendelea kidogo kabla ya kusimama. Mota hizi zinachukua kama milisekunde 50 mpaka 100 kushika kasi, na milisekunde ni sekunde moja ukiigawa mara 1,000. Kwa simu inayoita hakuna anayejali. Kwa mziki ni balaa, nitaeleza mbele. Tabia ya pili, nguvu na kasi vimefungwa pamoja. Ukitaka itetemeke kwa upole lazima izunguke polepole, na ikizunguka polepole mtetemo wenyewe unabadilika unakuwa mzito wa kukokota. Huwezi kuiambia nataka haraka lakini laini.

Kuna aina ya pili. Hii haizunguki. Ndani kuna uzito umekaa kwenye springi, na sumaku na koili inausukuma kwenda na kurudi kwenye mstari ulionyooka, kama spika ilivyo ila badala ya kusukuma hewa inasukuma chuma. Fikiria mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma kila anaporudi kwako, nguvu kidogo tu inampeleka juu sana, ukimsukuma nje ya wakati wake unajiumiza mikono na bembea inagoma. Huo uzito kwenye springi nao una wakati wake, mara nyingi kati ya hezi 150 na 235, na ukiusukuma kwa mapigo hayo hayo unapata mtetemo mkali kwa umeme kidogo, na unaanza ndani ya milisekunde 10 au 20. Ndo ile unayoigusa kibodi inafanya tik, siyo vrrr. Apple waliiweka kwenye iPhone 6s mwaka 2015 wakaiita Taptic Engine, na simu nyingi za Android za bei ya juu zina jamaa wa aina hiyo.

Hapo kaka wa apdeti ameshapata sehemu ya jibu lake. Apdeti inaweza kuipa simu akili ya kuamua lini itetemeke, haiwezi kugeuza feni kuwa bembea. Ukitaka kujua yako ipi, washa mtetemo wa kibodi andika meseji ndefu haraka haraka. Kama kila herufi unaihisi peke yake una bembea, kama vidole vinahisi mvumo mmoja mrefu una feni. Na yule wa spika naye ana hoja, ni kweli spika ikifunguliwa mpaka mwisho kava linatikisika, ila chomeka hedifoni spika inyamaze, simu ikiendelea kudunda basi hiyo ni mota.

Kitu kinachowachanganya watu kuliko vyote ni hiki. Watu wanadhani mota inaucheza wimbo, yaani besi ya wimbo ikiwa ya hezi 60 na mota inatetemeka hezi 60, ikipanda na mota inapanda. Hapana. Pigo la dramu kubwa la mguu linakaa kwenye hezi 50 mpaka 100 hivi, mota ya bembea haiwezi kushuka huko kwa nguvu yoyote ya maana, yenyewe ina noti yake moja. Inachofanya ni kupiga noti yake hiyo hiyo katika muda ule ule ambao dramu imepigwa. Kwa hiyo simu ni mpiga ngoma mwenye ngoma moja. Kwenye ngoma zetu za pwani unakuta msondo, vumi na chapuo, kila moja na sauti yake, vumi inavuma kule chini, chapuo inajibu juu, zinasemezana. Mpiga ngoma wa kwenye simu yako hana hizo zote, ana moja tu, na maamuzi yake ni matatu, apige lini, apige kwa nguvu gani, na aishikilie kwa muda gani. Basi. Utamu wote wa kutetemesha mziki uko kwenye hayo matatu.

Na kwa miaka mingi kwenye Android hata hayo matatu hayakuwepo. Ulikuwa unaipa simu orodha ya milisekunde, washa 100, zima 50, washa 200, na nguvu ni ile ile. Android 8 ya mwaka 2017 ndo ikaleta nguvu za kupima kuanzia 1 hadi 255, na hata hapo kuna simu kibao zinapokea hiyo namba halafu zinapiga vile vile kwa sababu vifaa vyake havina uwezo, ndo maana apu iliyotengenezwa vizuri inaiuliza simu kwanza kama inaweza kupima nguvu au haiwezi. Upande wa iPhone kuanzia iOS 13 ya 2019 mtengeneza apu anaweza kuandika kabisa faili la mtetemo kama mtu anavyoandika noti za mziki, hapa gonga kali, hapa vuma taratibu, kwa iPhone 8 na zilizofuata.

Sasa twende kwenye swali la dada, maana bila hili la apu inajuaje lini ipige hatuwezi kulijibu.

Njia ya kwanza, mtu au kampyuta ya kampuni imeshausikiliza wimbo kabla na kuandika mapigo yake, simu inapokea karatasi lililojazwa tayari. Mwaka 2024 kwenye iOS 18 Apple walileta kitu kinaitwa Music Haptics, kinakaa kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility), kwa iPhone 12 na kuendelea, ukicheza nyimbo zao zinazokubali hiyo kitu simu inatoa mapigo na mivumo inayoendana na wimbo. Hii haihitaji maiki kabisa. Njia ya pili, apu yenyewe ndo inafungua faili la wimbo lililopo kwenye simu, inalisoma, inachambua, inatetemesha. Hii nayo haihitaji maiki, inachohitaji ni ruhusa ya kusoma mafaili ya mziki. Njia ya tatu, wimbo unachezwa na apu nyingine na hii ya kutetemesha inataka kuchungulia sauti inayopita, na hapa ndo pana kizungumkuti. Kwenye Android zana inayompa mtengeneza apu uwezo wa kuchungulia sauti inayotoka, ile ile inayotumika kuchora vimistari vinavyoruka ruka kwenye plea za mziki, inadai ruhusa ya kurekodi sauti hata kama maiki haijaguswa. Walioitengeneza waliona kusoma sauti inayotoka ni sawa na kurekodi, manake mtu anaweza kuchungulia hata ujumbe wa sauti unaousikiliza, na mimi naona waliamua sawa. Njia ya nne ni ya kivivu, apu inafungua maiki kweli, inasikiliza mziki unaotoka spikani au kwenye redio ya sebuleni, na kufuata.

Kwa hiyo kuombwa ruhusa ya maiki siyo ushahidi kwamba unapelelezwa, ila siyo ushahidi kwamba uko salama pia, kwa sababu ruhusa ni moja, ukishaitoa kwa kuchungulia mziki umeitoa na kwa maiki. Ruhusa ya kutetemesha yenyewe haiulizwi kabisa, inapita ukisakinisha tu. Mimi ninavyofanya, nakataa kwanza halafu nacheza wimbo ulioko ndani ya apu hiyo hiyo. Ikitetemeka bila maiki, basi haikuwa na haja nayo. Ikigoma, naangalia kama imeeleza sababu kwa lugha inayoeleweka, naipa ruhusa ya wakati wa kuitumia tu, na naangalia pembeni juu ya kioo, maana Android 12 na zilizofuata zinaonyesha alama ya kijani maiki ikifunguliwa, na iPhone inaonyesha nukta ya rangi ya chungwa. Apu ya kutetemesha ambayo umeshaifunga halafu ile alama bado inawaka, hiyo usiibembeleze, ifute.

Ile njia ya maiki ina ugonjwa mwingine ambao niliuona kwa macho yangu, nikiwa natengeneza ya kwangu ya kwanza. Niliweka simu juu ya meza ya mbao, nikacheza wimbo kwenye redio, simu ikafuata vizuri kabisa. Wimbo ukaisha. Simu ikaendelea kudunda. Nikazima redio, bado inadunda, tena kwa mpangilio mmoja mzuri kama ina wimbo wake moyoni. Nilikaa nayo karibu saa nzima nikitafuta kosa, mpaka nilipoinua simu kutoka mezani ikanyamaza. Kumbe meza ilikuwa inakuza mlio wa mota kama ubao wa ngoma, maiki inausikia, apu inasema ahaa pigo hilo, inaamrisha mota ipige, mota inapiga, maiki inasikia tena. Simu ilikuwa inajiitikia yenyewe. Na iPhone kwa kawaida inazima mitetemo apu ikiwa inarekodi, mpaka mtengenezaji aombe makusudi iruhusiwe, na baada ya siku ile nikaelewa kwa nini.

Haya, apu imeshaipata sauti, inatambuaje pigo? Sauti ndani ya simu ni msururu wa namba, kwa nyimbo nyingi ni namba 44,100 kwa kila sekunde moja. Apu haiangalii moja moja, inachota kibaba kibaba, tuseme namba 1,024 kwa mara moja, ambazo ni kama milisekunde 23 za wimbo. Kila kibaba inakipitisha kwenye chekeche, kama mama anavyochekecha unga, chenga zinabaki juu na laini inapita chini. Hapa kinachopita ni sauti za chini, tuseme chini ya hezi 150, sauti za juu zinabaki kwenye chekeche. Halafu inapima, hii besi iliyopita ina nguvu kiasi gani? Inalinganisha na wastani wa vibaba 43 vilivyopita, ambavyo ndo sekunde moja. Kama hiki cha sasa kimeruka juu ghafla kuliko wastani, hapo kuna pigo, gonga. Kama kiko sawa na wenzake, kaa kimya.

Kwa nini wastani na siyo kiwango kimoja cha kudumu? Kwa sababu kuna wimbo umerekodiwa kwa kelele na mwingine kwa upole. Ukiweka kiwango kimoja, wimbo wa kelele utatetemesha simu mfululizo na wa upole hautaigusa. Kulinganisha na jirani zake ndo sikio letu linavyofanya pia, kwenye harusi yenye spika sita hauisikii sahani ikianguka, usiku wa manane unaisikia mpaka ya nyumba ya pili.

Shida ya hilo chekeche ni kwamba linapenda miziki fulani na kuichukia mingine. Bongo Fleva nyingi na amapiano zina besi iliyojitenga, simu inacheza vizuri bila kufundishwa. Weka taarab ya zamani, ganuni inapigwa peke yake dakika nzima, watu wanaisikiliza kwa macho ya kufumba, simu imelala kama jiwe. Haijaharibika, ni kwamba kilichobeba wimbo pale kiko juu ya chekeche. Ukitaka simu ifuate ganuni inabidi uchekeche tofauti, uangalie mianzo ya noti badala ya besi. Ndo nikasema kazi ni kuchagua, na apu isiyokupa nafasi ya kuchagua ifuate nini inakulazimisha kusikiliza mziki wa aliyeitengeneza.

Na singeli je? Singeli ndo mtihani wenyewe, hapa naomba univumilie na hesabu kidogo. Wimbo wa biti 100 kwa dakika unakupa milisekunde 600 kati ya biti na biti, hapo hata mota ya feni inawahi kupanda, kushuka na kupumzika. Singeli inakwenda biti 200 mpaka 300 kwa dakika. Kwenye 240 una milisekunde 250 kati ya biti, na katikati ya hizo biti kuna mapigo mengine, ukiyafuata yote unapata pigo kila milisekunde 125, ukizidi kugawa ni kila milisekunde 62. Sasa mota inayotaka 50 mpaka 100 kupanda tu, na inahitaji muda wa kushuka pia, utaipigisha vipi kila 62? Haiwahi kushuka. Kabla haijasimama imeshaambiwa piga tena, matokeo yake unahisi vrrrrrrr moja toka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, kama simu inapigiwa na mtu mwenye haraka. Mpwa wangu alikuja na malalamiko hayo hayo, anko hii apu yako singeli haiiwezi.

Nilichofanya siyo kuongeza nguvu, nilipunguza mapigo. Pigo likishagongwa, apu inaambiwa usigonge tena mpaka zipite milisekunde 200, hata ukisikia nini. Kwa hiyo kwenye singeli kali inagonga biti kubwa tu na kuacha yale ya kati yote, na pigo lenyewe nikalifupisha. Mpwa akairudia, akaniambia sasa inacheza. Mapigo yalikuwa yamepungua zaidi ya nusu na yeye alihisi yameongezeka, kwa sababu ngozi inahitaji ukimya katikati ili ijue kwamba kumepigwa. Hii ya ukimya nimeikuta kila nilipogusa mitetemo, na bado naona apu nyingi zinadhani kutetemeka sana ndo kutetemeka vizuri.

Kuchelewa nako kuna habari yake. Mwitikiaji anayeujua wimbo anavuta pumzi kabla, kiitikio kikifika yuko juu yake. Asiyeujua anasubiri asikie wenzake ndo aanze, kila mara yuko nyuma kidogo. Apu inayosoma faili ni mwitikiaji anayeujua wimbo, inaona pigo linakuja mbele kwa hiyo inaiamsha mota milisekunde 40 au 60 kabla, na vinakutana. Apu inayosikiliza kwa maiki inasubiri kibaba kijae, ichambue, iamrishe, mota ipande, hapo pigo lilishapita. Halafu ukivaa hedifoni za Bluetooth inageuka kinyume, sauti inachelewa kufika masikioni, milisekunde 100 mpaka 200 na zaidi ni jambo la kawaida, na mota haijui, inapiga kwa wakati wake, mkono unatangulia sikio linafuata. Watu wengi hapo wanaitukana apu. Chomeka hedifoni za waya uone tofauti, au kama apu ina sehemu ya kusogeza muda wa mtetemo, sogeza mpaka mkono na sikio vikubaliane.

Na mtetemo ukikata unapohamia WhatsApp au ukizima kioo, usiitafute mota. Kuanzia Android za karibuni apu iliyoko nyuma hairuhusiwi kutetemesha simu ovyo, isipokuwa kwa mambo kama kengele na simu kuita, na iPhone nayo ina katazo lake la namna hiyo. Hali ya kuokoa chaji nayo inaweza kuzima mitetemo.

Kuhusu betri nitasema kifupi. Mota ya simu inakula makumi ya miliampea ikiwa inazunguka. Tuseme 70, na betri yako ni ya miliampea-saa 5,000. Ukiizungusha saa nzima bila kupumzika umekula 70 kati ya 5,000, siyo hata asilimia 2, na kwenye mziki wenye ukimya katikati inakuwa chini ya hapo. Kioo kinachowaka saa hiyo hiyo kinakula zaidi. Kuungua sijawahi kuiona mezani kwetu kwa sababu ya mziki, zinazokufa zimekufa kwa maji na kuangushwa. Feni zinaweza kuchakaa kwa kazi nyingi, hilo sikatai, ni chuma kinazunguka, ila siyo kwa saa moja ya mziki.

Kuna jibu moja kwenye lile grupu sikulitaja mwanzo, mtu alisema haya ni mambo ya watoto kuchezea. Hilo ndo lililonifanya niandike kirefu hivi. Evelyn Glennie ni mpiga dramu na ala za kugonga kutoka Uskoti, alipoteza sehemu kubwa sana ya usikivu akiwa na miaka 12, na anapiga jukwaani bila viatu ili sakafu impelekee mziki miguuni. Alipiga kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London mwaka 2012, na 2015 akapewa tuzo ya Polar Music. Kwake mtetemo ndo njia yenyewe ya kuupata mziki, na hiyo njia kiganjani mwa mtu wa kawaida inaanzia na kale kamota kanakofanana na kifungo cha shati.

Karibu na sisi kuna kijana fundi cherehani, kiziwi, ambaye siku zote spika ya duka la jirani inapofunguliwa anaegemeza goti kwenye ukuta wa mbao. Nilimpelekea simu yangu yenye mota ya bembea na ile apu. Akaishika kwa mikono miwili, akasikiliza kwa viganja wimbo mzima, halafu akanionyesha kwa ishara na kwa kuandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia mitindo: hii inapiga mtu mmoja tu, mbona kule ukutani wapo wengi? Nilirudi nyumbani nikayatenganisha mapigo. Pigo la mguu nikalifanya zito na refu kidogo, kama milisekunde 60 kwa nguvu zote. Makofi na upatu nikavifanya vifupi, milisekunde 10, nguvu kidogo, kama kucha inagusa. Na kiitikio kinapoingia nikaweka mvumo laini chini yake unaopanda taratibu, unakaa, unashuka. Ngoma ni ile ile moja, noti ile ile, ila nguvu tatu na urefu tatu.

Nilipompelekea mara ya pili hakuandika kitu mpaka wimbo ulipofika kiitikio cha kwanza. Akaniangalia, akanyoosha kidole juu. Kiitikio cha pili kilipokaribia alinyoosha kidole kabla hakijaingia. Halafu akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa akaandika ombi ambalo ndo ninalolihangaikia mpaka leo: anataka kujua mwimbaji anapovuta pumzi.